ASKOFU FESTO KIVENGERE: MKIMBIZI ALIYEBEBWA NA USHIRIKA



Kwa toleo hili la kumbukumbu tuliombwa kuandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri, aliyekwisha kufariki zamani, ambaye mkimbizi anaweza kujifunza kitu kwake. Lilipotajwa jina la Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, hatukuafikiana mara moja. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba kambi hii ina Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista na wengine wasio na dini, akauliza kwa nini tumchague askofu wa Kianglikana. Mama mmoja mjumbe alileta jambo zito zaidi. Alisema mtu huyu anajulikana duniani kwa kumsamehe Idi Amin, na humu kambini wako wazazi waliozika watoto njiani bila jeneza. Kuwapelekea habari ya msamaha, alisema, ni kama kuwadai deni ambalo hawakulikopa.

Tulimsikiliza, na maneno yake tumeyaweka mbele yetu tulipokuwa tukiandika. Mwishowe tulikubaliana kwa sababu moja. Festo hakusimama peke yake. Nyuma yake vilikuwepo vikundi vidogo vya sala, vya watu wa kawaida, vilivyojulikana kwa jina la ushirika, vilivyoenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kongo, Kenya na Tanganyika. Vikundi vya namna hiyo viko hapa kwetu pia. Kila jioni tunavisikia vikiimba chini ya maturubai na kwenye vivuli vya miti. Tulitaka kujua vilimsaidia nini mtu aliyefukuzwa kwao, na pia vilishindwa wapi.

MCHUNGA NG'OMBE WA RUKUNGIRI

Festo Kivengere alizaliwa karibu mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Wengi wetu tulipoingia nchi hii tulipita karibu na milima ile. Watu wake walikuwa wafugaji, na ukoo wake ulikuwa na uhusiano na watawala wa zamani wa sehemu hizo. Utoto wake aliutumia machungani. Shule aliianza akiwa kijana wa kutosha, katika kanisa la udongo ambalo lilikuwa darasa pia, na humo ndimo alimojifunza kusoma.

Alikuwa na akili, akaendelea na masomo Mbarara, kisha akaenda Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono kusomea ualimu. Aliporudi kwao kufundisha alikuwa kijana mwenye mshahara na heshima. Lakini imani aliyoipokea utotoni ilikuwa imekwisha kupoa. Alikunywa pombe sana, na alikuwa na chuki kwa Wazungu waliotawala nchi. Kanisani alikwenda kwa sababu mwalimu alitakiwa aonekane huko.

MOTO ULIOANZIA GAHINI

Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana yaliyompata Festo yalikuwa yameanza miaka kumi na zaidi kabla, upande wa pili wa mpaka.

Huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake alikuwa Mwingereza kijana, Joe Church. Mwaka 1928 na 1929 njaa kubwa iliipiga Rwanda, na daktari huyu alichoka mwili na roho. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Watu hawa wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kusali, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake upungufu wake. Kwa wakati ule wa ukoloni jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo.

Church alirudi Gahini. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikwenda huko kuwa mwalimu. Msimamizi wa wafanyakazi wa hospitali, Yosiya Kinuka, hakuwa na raha na kazi wala na wakubwa wake. Alitumwa Kampala akaonane na Nsibambi, na aliporudi alikuwa mtu mwingine: alianza kuungama makosa yake waziwazi. Hivyo ndivyo uamsho ulivyotembea, kutoka mtu hadi mtu. Mwishoni mwa mwaka 1933 watu walikusanyika Gahini kwa siku kadhaa za maombi, na mkutano ukageuka kuwa toba ya watu wengi. Mwaka 1935 Blasio na wenzake walialikwa Kabale, na Kigezi yote ikaguswa. Blasio mwenyewe alifariki Januari 1936, bado kijana, lakini moto haukuzimika.

Watu hawa waliitwa Balokole kwa Kiganda, maana yake waliookoka. Wengine waliwaita hivyo kwa kuwadhihaki. Kanisa lenyewe halikuwapenda wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo kile kile cha Mukono kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri na mahubiri yao. Hata hivyo ndugu hao waliamua kutojitenga na kanisa wala kuanzisha dhehebu jipya. Walibaki ndani, wakasubiri.

SAFARI YA BAISKELI

Mwaka huo huo wa 1941 uamsho ulimfikia Festo huko Rukungiri. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wamekwisha kuokoka na walikuwa wakimwombea. Siku moja ya Jumapili alikasirika kwa kusikia akitajwa kanisani, akatoka akaenda kunywa. Alipokuwa akirudi kwa baiskeli, alikutana njiani na rafiki yake, naye akiwa juu ya baiskeli. Rafiki huyo alimwambia kwamba amempokea Kristo, kisha akamwomba msamaha kwa mambo fulani yaliyokuwa kati yao, akiyataja moja moja. Festo alifika nyumbani akitetemeka. Usiku ule alipiga magoti.

Lililofuata ndilo tunalotaka wasomaji walikumbuke. Ushirika haukuridhika na machozi ya mtu chumbani mwake. Mtu alitakiwa aende kwa yule aliyemkosea. Festo alikuwa na chuki kwa Mwingereza mmoja aliyekaa Kabale, mwendo wa kilometa 80 hivi wa milima. Alichukua baiskeli akaenda. Alipofika alimweleza kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba sasa anamwona kuwa ndugu. Wakakumbatiana na kulia, Mwafrika na Mzungu, katika nchi ambayo mmoja alikuwa mtawaliwa na mwenzake alitoka katika taifa linalotawala.

Kilometa 80 kwa baiskeli kwenda kutengeneza jambo moja. Sisi humu kambini mara nyingi jirani tuliyegombana naye hatupo mbali naye hata hatua 80.

JINSI USHIRIKA ULIVYOFANYA KAZI

Wafanyakazi wa mashirika hutuuliza mara kwa mara vikundi vya sala vinaendeshwaje, nani kiongozi, nani mweka hazina. Kwa hiyo tunaeleza jinsi ushirika wa uamsho ulivyokuwa siku za Festo, maana vikundi vingi vya leo vimezaliwa humo.

Ushirika haukuwa na kadi ya uanachama, wala ofisi, wala mtu wa kulipwa mshahara. Watu wa mtaa mmoja walikutana kila juma, pengine zaidi ya mara moja, nyumbani kwa mmoja wao au kanisani baada ya ibada. Walisoma sehemu fupi ya Biblia. Kisha kila aliyetaka alisimama akasema habari zake za juma lile: alipoanguka, aliyemkosea, alilolirudisha. Waliita jambo hili kutembea nuruni. Mtu akimaliza, waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, ambao uliimbwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Kutubu kulikuwa na vitendo. Aliyeiba alirudisha. Karani aliyechukua fedha za serikali alizipeleka. Mume aliyempiga mkewe alimwomba radhi mbele ya wenzake. Mabwana na watumishi walikula pamoja. Mhutu, Mtutsi, Mkiga, Mganda na Mzungu walilala nyumba moja. Ndugu akisafiri hakuhitaji hoteli. Alifika mji asioujua, akauliza walipo ndugu, akapokelewa, akapewa chakula na mahali pa kulala.

Juu ya vikundi hivyo kulikuwa na mikutano mikubwa zaidi. Viongozi wa sehemu mbalimbali walikutana mara kwa mara kwa mafungo ya siku chache, kusali na kusemezana ukweli. Tena kulikuwa na mikutano mikuu, kama ile ya Kabale ya mwaka 1935 na 1945, ambapo maelfu walikuja kwa miguu na kwa malori. Hivyo mtu wa Burundi alijuana na mtu wa Kenya, na mwalimu wa Bukoba alijuana na muuguzi wa Gahini, zamani kabla ya simu za mkononi.

DODOMA NA NCHI ZA NJE

Festo alimwoa Merabu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mera, na Mungu aliwajalia mabinti wanne. Katikati ya miaka ya 1940 walihama Kigezi wakaenda Dodoma, Tanganyika, yeye akiwa mwalimu wa shule ya sekondari ya misheni. Hawakutumwa na Wazungu. Walikwenda kwa hiari yao kupeleka ujumbe wa uamsho, na walikaa huko karibu miaka kumi. Huko Kiswahili chake kilikomaa. Mwaka 1960, mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi mbele ya umati mkubwa, Festo ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kuongeza elimu ya ualimu, akarudi Kigezi kusimamia shule. Mwaka 1959 alialikwa Australia kuhubiri. Baadaye alisoma theolojia huko Pittsburgh, Marekani, na mwaka 1967 akapewa daraja la ukasisi. Alijiunga na kundi la uinjilisti la African Enterprise, lililoanzishwa na Michael Cassidy wa Afrika Kusini, akawa kiongozi wake katika Afrika Mashariki. Mwaka 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake Kabale.

Hata akiwa askofu aliendelea kuketi katika ushirika kama ndugu mwingine yeyote. Mkulima aliweza kumwuliza mbele ya watu kama ametembea nuruni juma lile, naye alijibu.

ASKOFU CHINI YA UTAWALA WA AMIN

Idi Amin alikuwa ameshika serikali Januari 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na watu wakaanza kupotea. Februari 1973 serikali iliamuru watu kadhaa wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali, watatu kati yao katika uwanja wa michezo wa Kabale. Festo alikuwa amemwendea Amin mwenyewe kumsihi asiue watu kwa namna hiyo, lakini haikusaidia. Siku ilipofika aliruhusiwa kuwakaribia wale watatu uwanjani. Alikusudia kuwatia moyo, lakini aliwakuta wametulia, wamekwisha kutubu gerezani, na wao ndio waliomtia moyo yeye. Watu waliokusanyika walishangaa kuwaona wanaokwenda kufa wakiwa na nyuso za furaha.

Hali iliendelea kuwa mbaya. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliipekua usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Maaskofu waliandika barua kwa Amin wakilalamikia mauaji na uonevu katika nchi. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakashutumiwa kwamba wanashirikiana na maadui wa serikali. Kisha wengine waliambiwa waende zao, Luwum akabakizwa. Festo na wenzake walitaka kumsubiri, wakaondolewa. Luwum aliuawa siku ile ile, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Wachache sana waliamini.

USIKU WA MLIMANI

Festo alirudi Kabale akiwa na huzuni. Ndugu walimwonya kwamba yeye anatafutwa na kwamba atakayefuata ni yeye. Hakutaka kuliacha kundi lake. Waliomsihi wakamweleza kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha, naye akakubali. Siku chache tu baada ya kifo cha Luwum, yeye na Mera walipanda gari hadi barabara ilipoishia, wakashuka, wakaanza kupanda milima gizani kwa miguu, wakielekea mpaka wa Rwanda. Alikuwa na umri wa karibu miaka 58. Walisindikizwa na watu waliozijua njia. Walivuka salama.

Wasomaji wengi wa jarida hili hawahitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo ukoje. Unajua unachokiacha, hujui unakokwenda. Kila mbwa akibweka unasimama. Tofauti ni hii: Festo alipovuka mpaka hakuwa mgeni. Ile nchi aliyoingia ndiyo nchi ya Gahini. Ndugu walikuwepo kila upande, watu waliokuwa wakikutana tangu miaka ya 1930, na mtandao huo wa vikundi vidogo ulimpokea, ukampeleka mbele hadi Kenya na kwingineko. Ule ukarimu ambao watu wa ushirika walikuwa wakipeana kwa miaka 40, wakila pamoja na kulaza wageni bila kufikiri kwamba kuna siku ya shida, siku hiyo ilipofika ulikuwa tayari.

IJUMAA KUU MJINI LONDON

Sasa tunafika pale mama mjumbe alipotuzuia. Festo alipotoka Uganda hakutoka akiwa amesamehe. Alikuwa amehubiri msamaha tangu mwaka 1941, lakini rafiki yake alikuwa ameuawa, watu wake walikuwa wakiwindwa, na moyo wake ulijaa uchungu kwa Amin. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba uchungu ule ulikuwa ukimla, na kwamba sala yake ilikauka.

Aprili 1977, karibu wiki saba baada ya kuvuka mpaka, alikuwa London. Siku ya Ijumaa Kuu aliingia kanisa la All Souls akaketi kama msharika wa kawaida. Yaliposomwa mateso ya Kristo na jinsi alivyowaombea waliomsulubisha, aliona kwamba hawezi kuendelea kumchukia Amin na wakati huo huo kusimama mbele ya watu akimhubiri Kristo. Alisamehe pale pale alipoketi. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kifupi kwa Kiingereza, I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Wakimbizi wengi wa Uganda walikasirika kwa jina hilo tu.

Tunapenda ieleweke vizuri alichofanya na ambacho hakukifanya. Hakusema mauaji hayakuwepo. Miaka yote miwili ya uhamisho alizunguka nchi nyingi akieleza wazi yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Hakuwaambia wajane wanyamaze. Wala hakuomba wauaji waachwe bila kujibu. Alichokiacha ni ile chuki iliyokuwa ikimharibu yeye mwenyewe, na aliiacha baada ya kukiri kwanza kwamba anayo.

Wala hakubaki katika maneno. Pamoja na wenzake wa African Enterprise alianzisha mpango ulioitwa RETURN, wa kuwasaidia wakimbizi wa Uganda, hasa vijana ambao masomo yao yalikatika. Walilipiwa karo, wakasomeshwa ufundi na taaluma, wakiandaliwa kwa siku ya kurudi. Jina lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni kurudi. Mkimbizi aliyepokea msaada alikumbushwa kila mara kwamba hakusudiwi kubaki mkimbizi milele.

KURUDI NA KUFARIKI

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Muda mfupi baadaye Festo na Mera walirudi Kigezi. Walikuta nchi imeporwa, hospitali hazina dawa, na watu wanatafutana kulipiza kisasi. Kazi yake kwa miaka iliyobaki ilikuwa ya kujenga upya na kupatanisha. Hakuogopa kupingwa. Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi, wakati makanisa mengi ya Kianglikana duniani yalikuwa bado yanakataa.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu, akazikwa kwao Kabale.

PALE USHIRIKA ULIPOSHINDWA

Tungeishia hapa tungekuwa tumewadanganya wasomaji. Miaka sita baada ya kifo cha Festo, Rwanda iliingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Nchi iliyozaa uamsho, iliyokuwa imejaa makanisa na vikundi vya sala, iliona Wakristo wakiwaua Wakristo, hata ndani ya makanisa. Wapo waliokuwa wakiimba pamoja miaka mingi, na siku ilipofika wakatengana kwa kabila.

Si wote. Kiongozi wa African Enterprise nchini Rwanda, Israel Havugimana, Mhutu aliyekuwa akifanya kazi ya upatanisho kati ya makabila, aliuawa mwanzoni kabisa, tarehe 7 Aprili 1994. Alikuwa ameyaishi yale aliyoyahubiri. Lakini hakuweza kuuzuia msiba ule.

Tunalisema hili bila kumnyoshea jirani yeyote kidole. Tunalisema kwa sababu wazee wa ushirika wenyewe wamelikiri. Wanasema kwa muda mrefu watu walizoea kuungama dhambi ndogo za nyumbani, pombe, uongo na wizi, lakini chuki ya kabila waliipita kimya, wakidhani kuimba pamoja kumekwisha kuiponya. Tena vikundi vingine vilikuwa vikali, vikimlazimisha mtu aseme siri zake mbele ya wote, na siri hizo zikatoka nje zikamwaibisha. Ndugu waligawanyika hata kwa sheria za mavazi na mikopo. Jambo zuri likikaa bila kuangaliwa huharibika kama unga wa mgao uliowekwa mahali penye unyevu.

TUNAJIFUNZA NINI

Kamati haina mamlaka ya kuwafundisha watu dini, na wala haitaki. Tunasema tu yale yanayohusu maisha yetu ya pamoja.

Kwanza, tumehesabu vikundi vya maombi katika vijiji vyetu, tukaona vingi vimejipanga kwa lugha na kwa mkoa tuliotoka. Tunaelewa sababu: mtu akilia hupenda kulia kwa lugha ya mama yake. Lakini kikundi ambacho hakijawahi kumketisha mtu wa upande wa pili hakitamvusha mtu mlima siku ya hatari. Tunaviomba vikundi, walau mara moja kwa mwezi, vialikane.

Pili, linalosemwa katika kikundi libaki katika kikundi. Mama aliyefanyiwa ukatili njiani asishinikizwe kusimama kutoa ushuhuda. Akitaka kusema, amchague mtu mmoja anayemwamini. Na kama mtu halali usiku, anasikia sauti, au anataka kujidhuru, kumwombea ni vema, lakini mpelekeni pia kwenye zahanati na kwa washauri. Sala na matibabu havigombani.

Tatu, kwa ndugu wa mashirika. Vikundi hivi msivione kuwa ni kelele za jioni tu. Ndivyo vinavyojua nani hakula jana, mzee gani hana kuni, mtoto gani amebaki peke yake. Waulizeni. Lakini msiwafungulie ofisi wala kuwapa posho, maana nguvu ya ushirika tangu mwanzo ilikuwa kwamba hakuna aliyekuja kwa ajili ya posho.

Nne, kuhusu msamaha. Mama mjumbe aliyetupinga alisoma maandishi haya kabla hayajapigwa chapa. Alikubali yatoke kwa sharti moja, nasi tumelikubali: tuandike wazi kwamba hakuna mtu humu kambini, awe mchungaji, mzee wa kijiji au mfanyakazi wa shirika, mwenye haki ya kumwamuru mwenzake asamehe. Festo hakuamriwa na mtu. Alikuwa askofu na mhubiri wa miaka mingi, na bado ilimchukua muda, akiwa kimya, akizungukwa na watu waliomlisha na kumlaza bila kumharakisha. Tunachoweza kufanya sisi ni hicho walichofanya wao: kumpokea mtu, kumpa chakula, kuketi naye, na kumwachia Mungu saa yake.

Mama huyo bado hajasamehe, na ametuambia tuandike hivyo. Lakini Alhamisi iliyopita alikuja kwenye kikundi akiwa na sufuria ya maharage, akaketi.

Kamati inawatakia wakaazi wote amani, na wale watakaorudi nyumbani, safari njema.